Ukoo wa Turubai

Telesphori Raphael alipokabidhiwa kazi ya kuandika historia ya ukoo, aliipokea kwa uso mzito, kama mtu aliyeteuliwa kubeba msalaba siku ya Ijumaa Kuu. Uso huo ulikuwa wa bandia. Kwa miaka mitano ya bweni alikuwa ameufanyia mazoezi mbele ya walimu wa zamu wasiopungua tisa, na ulikuwa umemwokoa katika mengi, ikiwemo asubuhi ile kengele ya shule ilipogoma kulia kwa sababu mtu asiyejulikana alikuwa ameivisha soksi.

Sasa alikuwa nyumbani Ushirombo, likizo ya kidato cha tano, na nyumba nzima ilikuwa imeshikwa na harusi. Dada yake Generosa alikuwa anaolewa. Jumapili hiyo padre alikuwa amesoma tangazo la kwanza la ndoa, yakabaki mawili. Baada ya matangazo ingefuata sherehe ya kumuaga bi harusi, na katika sherehe hiyo mtu wa familia husimama akaeleza ukoo ulikotoka, ili upande wa pili wajue wanachukua binti wa watu na si wa barabarani.

"Wewe ndiye mwenye kalamu," baba yake, Mzee Raphael, alimwambia. "Andika habari za babu yako Mabula. Andika vile alivyorudi shimoni mara mbili, maji yamejaa, akawatoa wenzake wawili wazima. Lakini usije ukaandika upuuzi."

"Mimi, Baba?"

"Wewe."

"Mwaka jana alimwandikia shangazi yake barua akijifanya padre," mama yake aliongezea kutoka jikoni. "Mtu mzima akafunga siku tatu."

Telesphori aliinamisha kichwa kwa majuto. Kichwani alikuwa ameshapanga kuongeza mababu wawili wa kubuni, mmoja wao aliyemuuzia Mjerumani kuku yuleyule mara tatu.

Uongo mzuri hujengwa juu ya msingi wa ukweli, kwa hiyo kesho yake alikwenda parokiani kutafuta ukweli kidogo. Vitabu vya ubatizo vya zamani vilikuwa chini ya ulinzi wa katekista, Mzee Denis, aliyekuwa na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya paji la uso, na aliyekuwa akiutafuta huo wa pili tangu asubuhi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Umekuja kuungama?"

"Leo hapana, mzee. Nimekuja kutafuta babu."

Mzee Denis alimtazama kwa muda mrefu. Alimfahamu. Kisha akamletea kitabu kirefu chenye jalada jeusi, akaketi kando yake, karibu kabisa, ili aone mikono yake.

Mwaka 1966, ukurasa wa katikati, mwandiko wa wino wa buluu uliokwisha kuwa kahawia. Mtoto: Raphael. Mama: Salvina. Baba: Mabula Turubai.

Telesphori alicheka kwa sauti. Jana tu, padre aliposoma jina la mchumba wa dada yake, "Donatus Turubai wa Kagongwa," vijana wa nyuma walikuwa wameangua kicheko, na aliyewaanzishia ni yeye. Kwa wiki nzima alikuwa akimwita dada yake Mama Turubai na kumuuliza kama siku ya mvua watu watajikinga kwake.

Kisha akaacha kucheka, akalisoma jina tena.

Akina Mabula ni wengi. Kila mvua inyeshapo Usukumani anazaliwa mmoja. Lakini Turubai? Ni nani katika dunia hii huitwa turubai, isipokuwa turubai lenyewe? Na leo hao watu walikuwa wawili, mmoja kitabuni na mmoja anayekuja kumchukua Generosa.

Alilowesha kidole kwa mate akausugua wino.

"Wewe! Kitabu cha Kanisa hakilambwi!"

"Nilikuwa nahakikisha, mzee. Isije ikawa kuna mtu ananifanyia mchezo."

"Nani akufanyie mchezo wewe? Wewe ndiye mchezo wenyewe."

Wino haukutoka. Telesphori akaanza kufunua kurasa, safari hii bila uso wa bandia. Mwaka 1963 alimpata Bartazari Turubai. Mwaka 1964, Yakobo Turubai na Lukas Turubai. Mwaka 1965, mwingine, na mwaka 1967 mwingine tena. Wote walikuwa akina baba wa watoto waliobatizwa, wote wenye wake wa makabila tofauti. Baada ya mwaka 1967 hakuna tena. Ukoo mzima ulikuwa umeota na kukauka ndani ya miaka mitano, kama uyoga.

Machale yakamcheza. Mtu akibadilisha jina ana sababu. Watu sita wakilibadilisha kwa pamoja wana siri.

Generosa alikuwa uani akijaribisha viatu vya harusi juu ya gunia ili visichafuke.

"Dada, wewe na Donatus ni ndugu."

"Toka."

"Nimeona kwenye kitabu. Babu aliitwa Turubai."

"Na bibi aliitwa Maturubai. Toka, Telesphori, kabla sijakupiga na hiki kisigino."

"Naapa."

"Uliapa hivyohivyo siku uliponiambia nimefaulu masomo ya ualimu, nikalia mbele ya wageni." Alivua kiatu kimoja, na hakukivua kwa ajili ya kupumzika. Telesphori akaondoka.

Hiyo ndiyo hukumu ya mtu wa mizaha. Siku akikuta nyoka wa kweli kitandani, atalala naye.

Jumanne alipanda basi hadi Katoro, kisha bodaboda hadi Nyarugusu. Donatus alikuwa na karasha huko, mashine ya kusagia mawe ya wachimbaji, na vumbi lake lilikuwa limempaka kuanzia kope hadi kamba za viatu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa miaka thelathini hivi. Upole huo Telesphori alikuwa ameupenda. Leo aliutilia shaka.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba! Karibu kwenye vumbi. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kwa mambo ya historia. Jina lenu, Turubai, mlilitoa wapi?"

Donatus aliwaashiria watu wazime mashine. Akafuta mikono kwenye suruali. Akaitazama, akaifuta tena.

"Ni jina la babu. Kwao ni Mwakitolyo, lakini jina alirudi nalo kutoka mgodini, enzi za wazungu. Mimi sijui zaidi. Kwani limekukera?"

"Hata kidogo. Babu huyo alikuwa na ndugu Ushirombo?"

"Ushirombo?" Donatus alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mbona unanihoji kama askari? Mmesikia neno gani kuhusu sisi?"

"Hakuna neno, shemeji. Historia tu."

"Historia gani inapanda basi na bodaboda?"

Telesphori alivaa ule uso wake mzito, akanywa soda aliyonunuliwa, akaaga. Alipogeuka barabarani alimwona Donatus bado amesimama palepale, simu sikioni, mashine haijawashwa.

Akabaki Bibi Salvina. Mama wa Mzee Raphael alikuwa amevuka miaka themanini, na alitawala nyumba akiwa ameketi. Telesphori alimkuta kibarazani akichambua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akitupia kuku vipande vyenye ukungu. Alimwamkia, akachuchumaa, akachukua kipande kimoja ili aonekane amekuja kwa ajili ya chakula.

"Bibi, katika kitabu cha parokia babu ameandikwa Mabula Turubai."

"Ni makosa ya katekista wa zamani. Alikuwa mlevi."

Telesphori akaacha kutafuna. Katika miaka kumi na saba ya kumfahamu, Bibi hakuwahi kujibu swali lolote kabla hajauliza mawili ya kwake. Ukimuuliza kama kumekucha, atauliza nani anataka kujua, na ana haraka ya nini. Leo jibu lilikuwa limetoka kabla swali halijatua.

"Kuna wengine watano, Bibi. Wote aliwakosea?"

"Alikuwa mlevi sana."

"Na Donatus? Naye katekista alim—"

"Telesphori." Bibi aliweka ungo chini. "Dada yako ana furaha?"

"Ndiyo."

"Donatus ni kijana mbaya?"

"Hapana."

"Basi kitabu umekirudisha mahali pake?"

"Nimekirudisha."

"Kiache huko."

Hapo ndipo Telesphori alipokumbuka siku ya posa. Akina Turubai walikuja na mshenga wao, watu wakala, wakacheka, na Bibi, ambaye hakuwahi kukosa nyama ya mbuzi wa wageni tangu uhuru, alibaki chumbani akisema goti linamsumbua. Jioni goti likapona. Alipoulizwa maoni yake alisema maneno mawili tu: "Achukuliwe. Upesi."

Alimweleza baba yake yote. Mzee Raphael alisikiliza hadi mwisho, akasema majina ya watu ni kama majina ya mbwa, yanafanana bila undugu, akaenda shambani saa nane mchana wakati jua linachoma, kufanya kazi ambayo hakuitaja.

Jumapili tangazo la pili lilisomwa. Hakuna aliyecheka. Telesphori alikuwa akimchungulia Bibi katika benchi la akina mama. Bibi alikuwa amefumba macho kwa nguvu kuliko sala inavyohitaji.

Mzee Mayala Turubai, baba yake Donatus, alifika Jumanne saa nne asubuhi, amevaa koti la suti na kandambili. Donatus alikuja nyuma yake, kichwa chini. Mzee alitengewa kochi lenye kitambaa cha kufuma, akalikataa, akavuta kigoda. Mgeni anayekataa kochi amekuja na neno.

Familia nzima ilikusanyika sebuleni. Generosa alisimama mlangoni pa jikoni. Bibi alikuwa kwenye kona yake, na Telesphori kwenye sakafu karibu na mlango wa nje, mahali ambapo uzoefu ulimfundisha kukaa.

"Raphael," Mzee Mayala alianza, "siku ya posa mliniambia ninyi ni wa kwa Mabula. Nikasema sawa, Mabula ni wengi. Sasa kijana wako amekwenda kumhoji kijana wangu, kijana wangu akanipigia simu, na mimi tangu siku hiyo sijapata usingizi. Nauliza leo. Mabula yupi?"

"Marehemu baba yangu."

"Aliyefanya kazi mgodini huko Geita, enzi za wazungu?"

"Ndiye."

"Aliyelala turubai moja na baba yangu, Masunga?"

Mzee Raphael alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatazama ukuta.

"Nasikia walilala turubai," Mzee Raphael alisema taratibu. "Wenzake siwajui."

"Mimi nawajua." Mzee Mayala akavuta kigoda mbele. "Walikuwa vijana kumi na wawili. Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, kila mmoja na kwao. Nyumba hazikuwepo, wakapewa turubai moja. Karani alikuwa mtu wa mbali, majina yetu yakamchosha. Akaandika Masunga, wapi? Turubai. Mabula, wapi? Turubai. Ndivyo walivyoandikwa kwenye kadi za kazi, na walipokwenda kubatizwa au kubatiza watoto, katekista alinakili kadi. Basi. Wengine waliliacha jina mgodi ulipofungwa. Baba yangu alikataa kuliacha."

Telesphori akashusha pumzi. Kumbe ni karani tu! Hakuna damu, hakuna ndugu, kuna uvivu wa mtu mmoja mwenye kalamu. Alitaka kusimama apige makofi. Donatus naye aliinua kichwa kidogo.

"Kwa hiyo si ukoo mmoja," mama yake Generosa alisema. "Mungu asifiwe."

"Ngoja, Mama Generosa. Kwa nini alikataa kuliacha?" Mzee Mayala alifungua vifungo vya koti, akaweka kidole ubavuni kushoto, juu ya shati. "Kwa sababu walichanjiana. Wote kumi na wawili. Wembe mmoja, chale hapa, damu ikapakwa kwenye maini ya mbuzi, kila mmoja akala damu ya wenzake. Maana shimoni, mtu asiye ndugu yako anaweza kukuacha. Na ninyi hapa mnajua sheria ya kuchanjiana kama mimi. Mtoto wa mwenzako ni mtoto wako, mjukuu wake ni mjukuu wako. Hawaoani."

Nje jogoo mmoja aliwika, akajisikia vibaya, akanyamaza.

"Mzee," Generosa alisema kutoka mlangoni, sauti imekwaruza, "sisi hatukujua."

"Kutojua hakufuti damu, mama yangu. Mimi si mpagani. Nasali kila Jumapili Kagongwa, na padre akisema hakuna kizuizi nitaitikia amina. Lakini baba yangu alikula yale maini. Siwezi kumwozesha mwanangu dada yake nikaenda nyumbani nikalala. Harusi haipo."

Donatus alikwenda akasimama dirishani, mgongo kwa watu wote. Generosa hakulia. Alimtazama Telesphori, mara moja tu, na Telesphori angependa kuwa shuleni wakati huo, juani, aking'oa kisiki cha adhabu kwa mikono mitupu. Kama angebuni tu wale mababu wawili na yule kuku wao.

Kutoka kwenye kona kikasikika kikohozi cha Bibi, kisha salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka, Mayala."

"Mwangaluka, mayu," Mzee Mayala alimwitikia kama mama yake mzazi.

"Baba yako alikwambia walichanjwa wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Waliolala chini ya turubai walikuwa kumi na wawili, gete, ni kweli. Waliochanjwa ni kumi na mmoja."

Mzee Mayala aligeuza kigoda.

Bibi Salvina alisimulia bila haraka, macho yakiwa kwenye mikono yake. Mbuzi alikuwa amechinjwa, alisema. Wembe ulikuwa umepitishwa motoni. Mabula alikuwa wa tano katika mstari. Alipouona ule wembe ukimjia, alisema jamani, maini haya hayana chumvi, ngoja nikaombe kwa wale Wazinza wa kambi ya pili. Akatoka. Walimngoja hadi nyama ikapoa, wakala bila chumvi. Mabula alirudi keshokutwa yake.

"Na wenzake?" Mzee Mayala aliuliza.

"Walimpenda. Walimwambia, wewe sema tu umechanjwa, nasi tutasema hivyohivyo. Wakasema hivyo mpaka walipokufa. Na mimi nimesema hivyo mpaka leo."

"Mabula? Yule aliyerudi shimoni mara mbili?"

"Shimo halikumwogopesha. Wembe ndio uliomshinda." Bibi alikunja pindo la khanga. "Nilikaa naye miaka arobaini na mitatu. Nimemwogesha alipokuwa hajiwezi. Ubavuni kwake hapakuwa na chale hata ya ukucha. Nilitaka nife na aibu yake, Mayala, lakini sasa mnataka kumzika mtoto huyu angali hai."

Kwanza Mzee Mayala alitoa sauti kama mtu aliyepaliwa. Halafu kigoda kikaanza kutikisika. Alicheka hadi akashika ukuta. "Chumvi! Mwanamume anaingia kwenye maji kufuata maiti watarajiwa, anakimbia wembe! Chumvi!" Donatus akageuka. Mama yake Generosa alicheka huku akilia. Hata Generosa alitabasamu, mkono mdomoni.

Mzee Raphael hakucheka.

"Unaapa, mayu?" Mzee Mayala alisema, akifuta macho.

"Mimi ndiye mjane wake. Ulitaka tumbo lake alijue nani, jirani?"

Kicheko kikaongezeka. Mzee Mayala alifunga vifungo vya koti kimoja baada ya kingine.

"Kama hakuchanjwa," alisema, "basi si ndugu. Ni mtu tu aliyelala pale." Akainuka kutoka kwenye kigoda, akahamia kwenye kochi.

Kigelegele kikapigwa. Jogoo yule wa nje akahukumiwa.

Telesphori peke yake alibaki sakafuni. Alikuwa mtaalamu wa fani hii, na moyo wa mtaalamu haudanganyiki kwa urahisi. Uongo wa mtoto huwa mkubwa na mtupu. Uongo wa bingwa huwa na kitu kimoja kidogo kisicho na kazi yoyote, ambacho hakuna anayeweza kufikiri mtu angejisumbua kukibuni. Yeye mwenyewe, siku ya soksi, alimwambia mwalimu wa zamu kwamba alikuwa kitandani akisikia redio ya mlinzi ikisoma bei ya pamba. Ilikuwa ni ile bei ya pamba iliyomwokoa. Na Bibi alikuwa na chumvi. Tena alipoambiwa aape, yeye aliyekuwa akiapa kwa Mama Maria hata akitafuta kijiko, hakuapa. Aliuliza swali.

Alimfuata baba yake uani, ambako alikuwa akimfunga jogoo miguu.

"Baba, babu alikuwa anaogopa wembe?"

"Bibi yako amesema."

"Na wewe unasemaje?"

Mzee Raphael alikaza kamba. Ilikuwa imekwisha kukaza. "Siku za mwisho babu yako alikuwa hawezi kugeuka kitandani. Alikuwa mtu mkubwa. Bibi yako peke yake asingeweza kumnyanyua." Alivuta pumzi. "Tulikuwa tunamwogesha wawili."

Telesphori alisogea karibu.

"Kwa hiyo ubavu uliuona."

"Niliuona."

"Ulikuwa na—"

"Telesphori. Shika kuku."

Alimshika. Baba yake alichukua kisu, akakitazama, akakirudisha chini, akaingia ndani kumtafuta mtu mwingine wa kuchinja.

Kwa siku tano zilizofuata habari ya chumvi ilizunguka Ushirombo yote. Watu waliokuwa wakitaja jina la Mabula kwa kuvua kofia sasa walilitaja wakishika mbavu. Sokoni muuza chumvi alimwita Bibi "mke wa mteja wangu." Bibi alipita katikati yao akiwa ameinua kidevu, akanunua alichotaka, akarudi nyumbani. Telesphori aliyaona yote hayo, na kwa mara ya kwanza maishani mzaha wa mtu mwingine haukumchekesha.

Jumapili ya tangazo la tatu, Mzee Mayala alikuja Ushirombo kusali, ingawa Kagongwa kuna kanisa. Alifika mapema. Alimkuta Telesphori nje, karibu na bomba la maji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyefukua kile kitabu."

"Ni mimi, babu. Nisamehe."

"Sijaja kugombana." Alinawa uso, akajifuta kwa leso. "Nijibu neno moja. Bibi yako ni mtu mkweli?"

Telesphori aliuvaa uso wake, ule wa walimu tisa. Haukuwahi kuwa mzito kama siku hiyo. Ndani ya kanisa, katika benchi la tatu, alimwona Generosa amejifunga kilemba kipya, akicheka na shoga yake kwa sauti ndogo.

"Sijawahi kumkuta na uongo, babu."

Mzee Mayala alimtazama kwa muda ambao Telesphori aliuhesabu kuwa sawa na kipindi kizima cha hesabu.

"Na mimi baba yangu sikuwahi kumkuta na uongo," alisema hatimaye. "Alikuwa akinitajia wale kumi na wawili kwa vidole, na kila mmoja alivyofanya siku ile. Yakobo alizimia. Bartazari alitukana. Mabula alikuwa wa tano. Alisema Mabula alicheka wembe ulipoingia, akawauliza, ni huu tu?"

Telesphori aliinama akafunga bomba.

"Wa tano," Mzee Mayala alirudia. "Hata bibi yako alisema wa tano. Twende tukasali."

Akaingia kabla yake, akaenda kuketi upande wa wanaume, mwisho wa benchi, karibu na njia.

Baada ya komunyo padre alifungua karatasi. Akasoma tangazo la tatu na la mwisho la Donatus Turubai wa Kagongwa na Generosa Raphael Mabula wa hapa Ushirombo. Mwenye kujua kizuizi chochote, alisema, ana wajibu wa kukisema. Watu wengi waligeuka kumtazama Telesphori, kwa mazoea. Yeye hakuwa akiwatazama. Alikuwa anamtazama Mzee Mayala, ambaye alikuwa ameshika mgongo wa benchi la mbele kwa mikono miwili na kuinuka nusu.

Upande wa akina mama, Bibi Salvina alikuwa amefumbua macho yote mawili.

Mzee Mayala alibaki hivyo, si amesimama, si ameketi. Kisha akavuta pindo la koti lake alilokuwa amelikalia, akalinyoosha vizuri, akaketi tena.

Padre alisubiri kidogo, kama inavyotakiwa, akageuza karatasi, akaanza kutangaza zamu za kufagia kanisa.